Mwaka wa Kitana na Chupa ya Chai

Tulimzika Bwana Shija kwake Lamadi, nyuma ya nyumba, mahali ambapo upepo wa ziwa unafika bila kuzuiliwa na kitu. Mimi si mtu wa kulia msibani. Nimefanya kazi hospitalini miaka mingi mno, na machozi yangu yamekuwa mavivu. Lakini wakati wa chakula, tumekaa chini ya turubai na sahani za wali na sangara, binti yake alikuja akachuchumaa mbele yangu akaniwekea mapajani kitu kilichofungwa kwenye khanga. "Shangazi Minza, baba alisema hii ni ya kwako." Nikafungua. Saa ya mezani, ile ya kengele, ya kutia ufunguo, rangi yake ya kijani imebanduka na kioo kina ufa. Basi nikalia. Nililia mpaka mama mmoja asiyenijua akamnong'oneza mwenzake kuuliza kama mimi ndiye mke mdogo. Mh! Bwana Shija angesikia hilo angecheka mpaka akohoe. Nikapangusa uso kwa ile khanga, nikamalizia wali wangu, maana hata yeye hakupenda chakula kitupwe.

Nataka kueleza mwaka mmoja tu. Habari za ukoo wangu tuziache, wapo wanaozieleza vizuri kuliko mimi. Ulikuwa mwaka ambao wanunuzi binafsi wa pamba walianza kuingia Bariadi na malori yao. Kabla ya hapo pamba tulimuuzia mnunuzi mmoja, chama cha ushirika, basi. Ghafla mji ukajaa watu wa suruali za mitumba wakiwapigia kelele wakulima, na madukani vikatokea vitu tulivyokuwa tumevisahau: sabuni za kunukia, betri za redio, hata maziwa ya kopo. Enzi hizo Simiyu haujawa mkoa, sisi tulikuwa watu wa Shinyanga, na hospitali yetu ilipata dawa na vifaa kwa wafadhili, leo vipo, kesho havipo. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimetoka chuo, msaidizi wa maabara, nina koti jeupe moja ninalolifua kila jioni na kulianika kwenye kamba ya chumba changu cha kupanga. Najua sasa kwamba nilikuwa nimevimba kichwa. Nilidhani mtu akishavaa koti jeupe ameshajua.

Maabara kilikuwa chumba kimoja mwishoni mwa korido, kinapakana na wodi ya akina mama. Darubini ilikaa dirishani kwa sababu tulitumia mwanga wa jua, umeme wa jenereta ulikuja ukitaka. Friji ilikuwa ya mafuta ya taa, na harufu ya mafuta ilituingia mpaka kwenye nywele. Ukutani kulikuwa na tundu la hewa, na kupitia tundu hilo tulisikia kila kitu kilichosemwa na wanaosubiri kwenye benchi la nje: nani kaolewa, lori la nani limekwama mtoni, na zaidi ya yote, nani anasemekana kuwa na ule ugonjwa. Hawakuutaja jina. Walisema "mdudu". Saa nne tulikunywa chai ya rangi na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga, kwenye bakuli la bluu ambalo mke wa Bwana Shija alilileta kila Jumatatu na kulichukua kila Ijumaa. Mpaka leo nikila michembe nasikia harufu ya mafuta ya taa, na wala sichukii.

Bwana Shija mwenyewe, mkuu wangu pale maabara, alikuwa mfupi, mpole, mzito wa kusema. Swali lake lilikuwa moja, na liliniudhi kupita kiasi. Ukimwambia, "Bwana Shija, huyu ana malaria," anakuuliza, "Umejuaje?" Ukimwambia mvua itanyesha, "Umejuaje?" Siku moja nilimjibu, "Nimeona mawingu, bwana, kwani wewe huna macho?" Akatoka nje akayatazama mawingu, akarudi akasema, "Kweli, yapo," akaendelea na kazi. Nilinuna mchana kutwa. Yeye wala hakujua kama nimenuna.

Mwaka huo ndipo tulipoletewa vitana. Sikosei, vilikuwa vitana hasa, vya plastiki nyeupe, vyenye meno, na kila jino lilikuwa la mtu mmoja. Unaliweka jino kwenye maji maji ya damu ya mtu, unasuuza, unaliweka kwenye maji ya rangi kwa dakika kumi, unasuuza tena, unasoma. Nukta ya juu hutokea kwa kila mtu, hiyo ni ya kukuambia kwamba kitana ni kizima. Nukta ya chini ikitokea, ndiyo habari yenyewe. Kazi yote haifiki hata nusu saa, haitaki umeme, na mimi nilikipenda kitana kama mtoto anavyopenda baiskeli. Njia ya pili ilikuwa Mwanza. Kule walikuwa na mashine na sahani za plastiki zenye vishimo vidogo vidogo, watu wengi wanapimwa kwa mara moja, na majibu yanachukua siku. "Sasa kwa nini tunahangaika na Mwanza," nilimuuliza Bwana Shija, "wakati jibu tunalo hapa hapa?" Akanionyesha daftari lake. Alikuwa amechora safu mbili, kitana upande huu, Mwanza upande huu, kila mtu na namba yake. Mara nyingi safu zilikubaliana. Mara chache hazikukubaliana, na hapo alikuwa amepiga mstari kwa penseli. "Kila kipimo kina tabia yake, Minza," akasema. "Kitana kina haraka, kinaweza kumsingizia mtu. Mashine imetulia, lakini nayo inaweza kumkosa aliyeambukizwa juzi, kwa sababu mwili wake haujaanza kupigana. Ukizijua tabia zao, unawatumia wote wawili. Usipozijua, wanakutumia wewe." Nilimwitikia "sawa" huku nikiwaza michembe.

Damu ya kwenda Mwanza ilisafiri kwenye chupa ya chai. Ndiyo, ile ya kuhifadhi chai iwe ya moto, sisi tuliitia barafu na vichupa vyetu vidogo vilivyofungwa vizuri. Barafu ya friji yetu ilikuwa haifiki mbali, hivyo basi la Mwanza lilipofika Lamadi uliteremka upesi ukaongezewa na akina mama wa samaki, maana sangara walikuwa wameanza kutafutwa na wenye viwanda na barafu pale ilikuwa haikosekani. Wale akina mama walimjua Bwana Shija tangu utoto. "Chupa ya Shija hiyo, mpisheni!" Safari yangu ya kwanza kondakta aliniuliza nimebeba nini. Nikasema chai. Akasema, "Basi nimiminie kidogo, dada." Nikasema imeshapoa.

Sasa nifike penyewe. Msimu wa pamba ulikuwa umepamba moto pale alipoletwa mama kijana anaitwa Kabula. Alikuwa amejifungua kwa wazazi wake, si mbali na mji, kama ilivyo desturi kwa mtoto wa kwanza, na siku chache baada ya kujifungua akavuja damu mpaka midomo ikawa myeupe. Alihitaji kuongezwa damu siku hiyo hiyo. Mume wake, Maduhu, mfugaji wa Lingeka, alikuwa amefika siku mbili nyuma kumwona mtoto. Kijana mrefu, mwenye viatu vya matairi, alikunja mkono wa shati kabla hata hajaombwa. "Toeni yote," akasema. Mdogo wake Kabula naye akatoa mkono. Nikachukua damu kidogo ya wote wawili kupima. Bwana Shija alikuwa ameitwa wodini. Nikaweka meno mawili ya kitana kwenye maji ya rangi, nikatazama saa yangu ya mkononi: dakika kumi.

Dakika ya tatu au ya nne mlangoni akatokea mzee. Alikuwa Mzee Malimi, baba yake Kabula, na fimbo yake na kofia mkononi. Wasukuma watanielewa. Mzee wa namna ile akisimama mlangoni, wewe binti huwezi kumwambia "subiri". Nilipiga magoti pale pale sakafuni. "Mwangaluka, baba." Akaitikia mhola, akauliza ya nyumbani, nikajibu. Akauliza mvua, nikajibu. Akauliza ng'ombe, nikajibu, ingawa mimi na ng'ombe tulikuwa tumeachana siku nyingi. Akauliza mimi ni wa kwa nani, nikamtaja babu yangu, loo! kumbe alicheza naye ngoma ujanani. Basi akaanza upya, sasa kama mtu wa nyumbani, na mimi magoti yananiuma, na moyoni nasikia kitu kinaniambia kitana, kitana, kitana. Alipoondoka nilinyanyuka na sikuangalia saa. Sikuangalia kwa sababu nilijua itaniambia nini.

Jino la shemeji lilikuwa safi. Jino la Maduhu lilikuwa na nukta ya chini. Hafifu, kama chai iliyodondokea kitambaa cheupe ikafuliwa nusu. Bwana Shija akaingia, akalitazama muda mrefu dirishani. "Ulilitoa kwenye rangi dakika ya kumi?" Ningeweza kusema sijui. Neno lenyewe ni fupi. Lakini nilikuwa na koti jeupe, na nilikuwa na mwezi wa tano tu kazini, na nikasema, "Ndiyo, bwana." Akaandika kwenye daftari. Safari hiyo hakuniuliza nimejuaje.

Damu ya shemeji ikatumika, na nyingine ikapatikana kwa muuguzi mmoja, na Kabula akapona. Mungu ashukuriwe, hilo peke yake lingetosha kuufanya mwaka ule kuwa mzuri. Maduhu aliambiwa tu kwamba yake haitachukuliwa, ataitwa baadaye. Taratibu zilikuwa hivyo, hakuna aliyemwambia zaidi. Lakini niambie, katika korido ile, mume anakataliwa kumpa mke wake damu, na shemeji anakubaliwa, watu wataelewa nini? Kesho yake asubuhi nilisikia kupitia tundu la hewa: "Ya mume imekataliwa. Ndiye mwenye mdudu huyo." Mwingine akasema, "Na mtoto je?" Kisha sauti ya Mzee Malimi, ya chini, akiongea na mke wake: Kabula akiweza kutembea atarudi kwao na mtoto wake, na ng'ombe wa mahari watarudishwa Lingeka, wote, na wale waliozaliwa. Maduhu asikanyage tena. Aliyasema bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

Siku mbili Maduhu alikaa chini ya dirisha la maabara, mgongo ukutani, kwa sababu wodini mama mkwe wake alikuwa amemzuia. Nilimwona kisogo kila nilipoinama kwenye darubini. Siku ya tatu dada yake alimletea ugali, akaukataa. Nikamsikia akimwambia, "Mtoto mwenyewe nimembeba mara moja. Sijajua hata kama anafanana na mimi." Ilikuwa saa nne, bakuli la bluu liko mezani, na mimi nina mchembe mdomoni. Nikautema kwenye kiganja. Bwana Shija akanitazama. Nikamwambia yote: mzee, magoti, babu, ng'ombe, saa niliyokataa kuitazama. Na uongo wangu. Nilijua kazi imekwisha, nilianza hata kuwaza nitarudije nyumbani na koti lile.

Aliweka kikombe chini. Hakunifokea. Mpaka leo natamani angenifokea kidogo. Alifungua daftari, hakufuta kitu, akaandika pembeni ya namba ya Maduhu kwa penseli: *muda ulipita, mpimaji alikuwa anasalimia.* Akasema, "Maji maji yake bado yapo kwenye friji. Rudia." Nikarudia, yeye amesimama na saa yake mkononi akihesabu kama refa. Jino likatoka safi, nukta ya juu peke yake. Nikaruka! Nilimshika mkono, nikausahau udogo wangu. Akautoa taratibu. "Unafurahia nini? Juzi ulikuwa na jibu moja, leo una mawili yanayogombana. Umejuaje kwamba la leo ndilo la kweli? Kwa sababu unalipenda?" Nikanywea. "Itakwenda Mwanza," akasema. "Wewe utaipeleka. Lakini kabla ya kusafiri, mwenye damu aambiwe, na atakayemwambia ni wewe."

Nilimpeleka Maduhu nyuma ya jengo, penye tangi la maji, nikamweleza. Sikumwahidi kitu. Kisha akasema, "Dada, unajua umenifanya nini?" Nikasema najua. "Hujui," akasema, na alikuwa sahihi. Akapiga tangi kofi moja, likalia, akajishika kichwa. Baadaye akasema, "Mwambie mzee. Nikimwambia mimi ataona najitetea. Nakuruhusu, mweleze yote."

Mzee Malimi alikuwa ameketi nje ya wodi kwenye kigoda alicholetewa kutoka nyumbani. Nilipiga magoti, nikaamkia, lakini sikungoja maswali. "Baba, siku ile uliponikuta, nilikuwa nimeacha damu ya mkweo kwenye rangi. Ilitakiwa kutolewa kwa muda wake. Nikakusalimia, muda ukapita, jibu likaharibika. Na mkubwa wangu aliponiuliza, nikamdanganya. Sasa damu yake naipeleka Mwanza, na la Mwanza silijui. Linaweza kuwa baya, linaweza kuwa zuri. Ninachokijua ni kwamba lile la kwanza halifai kumhukumu mtu." Mzee akaniuliza, "Kwa hiyo salamu zangu ndizo zilizomtia mkwe wangu ugonjwa?" "Hapana, baba. Ni mimi niliyeshindwa kukwambia ngoja." Akagonga fimbo chini. "Na kwa nini usiniambie? Eh? Sisi tunafuga. Ukimkuta mtu ameshika miguu ya ndama, ng'ombe anazaa, unamsalimia? Unasimama kimya mpaka amalize. Ungeniambia ng'ombe anazaa, ng'wanone, mwanangu, ningesimama!" Alikuwa amekasirika kweli sasa, na kwa ajabu hasira ile ilinipa pumzi. Kisha akasema, "Basi. Kabula hataondoka hapa mpaka chupa yako irudi."

Nikaenda. Lamadi waliniongezea barafu, mama mmoja akanilazimisha nile kipande cha samaki wa kukaanga nikiwa nimesimama, akisema nimekonda. Mwanza mama wa maabara, mchovu lakini mkarimu, aliniruhusu kubaki hadi kazi iishe. Nililala kwa rafiki siku tatu. Siku ya mwisho alinishikia sahani mbele ya dirisha. Baadhi ya vishimo vilikuwa vya njano kama kiini cha yai. Akaweka ncha ya kalamu kwenye kishimo chetu. Kilikuwa maji matupu. Niliangalia tena namba, nikaangalia tena, na nilijisikia nikiuliza kwa sauti, "Umejuaje?" Akacheka, akanionyesha kishimo cha damu inayojulikana kuwa ina virusi, cha njano, na cha inayojulikana kuwa haina, kisicho na rangi, akanieleza hatua kwa hatua. Nilirudi Bariadi na karatasi yenye mhuri nimeificha ndani ya nguo.

Maduhu alimbeba mtoto wake siku hiyo. Nilimwona kupitia dirisha, amemshika kama mtu aliyepewa bakuli la maziwa lililojaa mpaka ukingoni. Walikwenda Lingeka wote watatu Kabula alipopata nguvu. Nami nilikuta kwenye meza ya maabara saa ya kijani ya kengele. Bwana Shija alikuwa ameitoa kwake, mke wake akagomba wiki nzima kwamba watoto wanachelewa shule. "Itakusaidia kumkatiza mzee," akasema. Barua ya kunishtaki hakuiandika kamwe. Nilipomshukuru, aliniambia nimshukuru Maduhu aliyekubali kungoja, na nilifanya hivyo pia, lakini leo nasema wazi: Bwana Shija alinishika mkono wakati angeweza kuniachia, na kila jibu sahihi nililowahi kutoa maishani mwangu lina jasho lake ndani yake.

Kwa kuwa hata mashine ya Mwanza humkosa aliyeambukizwa karibuni, Bwana Shija alimtaka Maduhu arudi baada ya miezi mitatu. Akarudi. Nilichukua damu, nikaweka jino kwenye rangi, nikatega saa, nikainama. Ilikuwa asubuhi, benchi la nje limejaa, kelele zinaingia kwa tundu la hewa kama kawaida. Nikahisi mlango umezibwa. Niliinua jicho moja. Mzee Malimi alikuwa amesimama kizingitini, kofia kifuani, fimbo ameiegemeza ukutani isigonge sakafu. Midomo ameifumba. Nilianza kukunja magoti, akatikisa kichwa. Tulikaa hivyo, mimi na kitana, yeye na kofia yake, saa ikipiga tik tak, na muuguzi mmoja aliyetaka kupita alizuiwa kwa kiganja. Mzee aliyecheza ngoma na babu yangu, na hakusema hata neno.

Kengele ikalia. Nikalitoa jino, nikalisuuza, nikalipeleka dirishani. Nukta ya juu. Chini, weupe mtupu. Ndipo nikageuka, nikapiga magoti.

"Mwangaluka, baba."

"Mhola, ng'wanone," akaitikia. "Ng'ombe kazaa salama?"

"Kazaa salama, baba."